Majirani wa Rau, Moshi: tumbo la wiki ya tatu

Mama Doreen: Habari za jioni majirani. Babu wa Kona shikamoo. Dokta, Sista, naombeni msaada. Shemeji yangu yuko hapa nyumbani, ana miaka 34, anaharisha wiki ya tatu sasa. Damu hakuna. Choo kina mafuta, kinaelea, kinanuka kupita kiasi. Tumbo limejaa gesi na anabeua harufu ya yai viza. Alimeza Flagyl siku mbili akaacha. Dukani wanasema ni taifodi, apimwe widali.

Babu wa Kona: Marahaba mama. Mpe pole.

Dokta: Pole sana Mama Doreen. La kwanza, asimeze dawa nyingine yoyote mpaka choo kipimwe. Kuharisha kukishavuka siku 14 hakukisiwi tena, kunatafutiwa chanzo. Choo cha mafuta kinachoelea kinatupeleka utumbo mwembamba, maana ndiko mafuta yanakonyonywa. Tatizo likiwa utumbo mpana mtu huenda chooni mara nyingi, kidogo kidogo, akikamuliwa, na kamasi au damu juu yake.

Baba Glory: Kwa hiyo si amiba?

Dokta: Amiba anakaa utumbo mpana. Hapa namshuku mdudu mwingine asiyeonekana kwa macho, giadia. Anajishika kwenye ukuta wa mwanzo wa utumbo mwembamba kama kikombe cha kunyonya, haingii kwenye damu, hakwaruzi hadi kutoa damu. Kazi yake ni kuharibu vile vijidole vidogo vinavyonyonya chakula. Ndiyo maana mafuta yanapita bila kuguswa na mtu anakonda huku anakula.

Sista: Mama Doreen, anakojoa vizuri? Mkojo wa rangi gani?

Mama Doreen: Wa njano iliyokolea, na si mwingi.

Sista: Basi maji yamepungua. Pakiti moja ya ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, kwa lita moja kamili ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Pimia kwa chupa ya lita, usikisie kwa jagi. Ikiwa kali mno inavuta maji kutoka mwilini kuja tumboni na kuharisha kunaongezeka. Anywe glasi moja kila akitoka chooni. Ikifika saa 24 mwaga, changanya nyingine. Pakiti ikikosekana: sukari vijiko 6 vya chai na chumvi nusu kijiko, vyote vimesawazishwa juu, kwa lita hiyo hiyo. Usiache sukari ukidhani ni ya ladha tu, ndiyo inayoishika chumvi mkono na kuivusha ukuta wa utumbo, na maji yanafuata.

Mtu wa Maabara: Sasa kuhusu choo, hapa ndipo wengi wanaharibu. Kikopo kikavu chenye mfuniko, kiasi cha kijiko cha chai kinatosha. Kisichanganyike na mkojo wala maji ya chooni, vinaua vijidudu tunavyovitafuta. Choo cha majimaji nikipate ndani ya nusu saa, kilicholainika ndani ya saa moja. Kikikaa mfukoni kuanzia asubuhi mpaka mchana, giadia aliye hai ameshakufa na kuvunjika, hadubini haioni kitu, jibu linaandikwa "hakuna", na mtu anaenda kumeza dawa ya ugonjwa mwingine.

Mtu wa Maabara: Na sampuli ni tatu, siku tatu tofauti. Giadia hatoki na choo kila siku. Leo wapo, kesho hawapo. Amwambie anayepokea kwamba alimeza Flagyl siku mbili, kwa sababu dozi nusu inaweza kuwapunguza wasionekane bila kuwamaliza. Kuna pia kipimo kinachotafuta chembe za giadia kwenye choo bila hadubini, akikipata mahali kinasaidia sana.

Mama Doreen: Na hiyo widali?

Dokta: Widali moja haithibitishi taifodi. Inaonyesha tu kwamba mwili uliwahi kukutana na vijidudu vya ukoo huo, na huku kwetu wengi wameshakutana navyo. Taifodi ni homa inayopanda siku baada ya siku, kichwa, kulegea. Huyu hujasema ana homa. Mtu akishukiwa kweli, damu ioteshwe maabara, na itolewe kabla ya antibayotiki. Taifodi haichezewi, isipotibiwa inaweza kutoboa sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, mara nyingi kwenye wiki ya tatu. Ila isiwe jina la kila tumbo.

Mfamasia: Giadia akionekana, mtu mzima: metronidazoli, ndiyo hiyo Flagyl, miligramu 400 mara tatu kwa siku, siku 5 hadi 7, baada ya kula. Au tinidazoli gramu 2 kwa mkupuo, yaani vidonge vinne vya 500, pamoja na chakula. Ladha ya chuma mdomoni na mkojo kuwa wa kahawia ni dawa, asiogope na asiache. Mbege, bia, konyagi, hapana, mpaka siku 3 zipite baada ya kidonge cha mwisho. Akinywa anaweza kusikia moyo kwenda mbio, uso kuwaka na kutapika, kisha watu waseme dawa ni mbaya.

Baba Glory: Hata mbege kidogo?

Mfamasia: Hata kata moja, Mangi.

Mama Doreen: Asante. Maziwa je? Akinywa tu tumbo linachafuka.

Dokta: Hilo linatokea sana. Kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa kinakaa kwenye ncha za vile vijidole, na ncha ndizo zinazoharibika kwanza. Kwa hiyo hata giadia akiisha, maziwa yanaweza kumsumbua wiki kadhaa. Msikimbilie kusema dawa imeshindwa. Asimamishe maziwa fresh wiki mbili hadi nne. Mtindi wengi wanauvumilia kwa sababu bakteria wameshaila sehemu ya sukari hiyo. Mtori usiotiwa maziwa, machalari, wali, ugali, mayai, yote sawa.

Mama Doreen: Dada yake aliyeko Arusha anasema aache ngano kabisa, eti ni mzio.

Dokta: Mwambie asiache ngano sasa. Kuna ugonjwa unaitwa siliaki, ambapo kinga ya mwili ikikutana na gluteni, protini ya ngano, shayiri au rai (nafaka inayofanana na ngano), inashambulia utumbo wa mwili wenyewe. Unapimwa kwa damu, kingamwili za aina ya IgA, pamoja na kiasi cha IgA yote, kwa sababu asiye na IgA ya kutosha atatoka "hana" kwa uongo. Kisha endoskopi, kamera nyembamba ya kupitia mdomoni, inaingia mpaka mwanzo wa utumbo mwembamba na kuchukua vinyama vidogo, visipungue vinne, kwa kuwa uharibifu huwa wa viraka. Vipimo vyote hivyo vinahitaji mtu awe anakula ngano. Akiiacha mwezi mmoja kabla, utumbo unaanza kupona, kipimo kinaweza kutoka safi, na hatujui kama alikuwa nao. Nao ukithibitishwa ni kuacha ngano maisha yote, si jambo la kubahatisha.

Sista: Na kwa atakayethibitishwa, ulezi, mtama, mahindi na mchele havina gluteni. Mbege ya ndizi na kimea cha ulezi nayo haina. Bia nyingi ni za shayiri. Shida ni mashine ya kusaga: wakitoka kusaga ngano wakamwaga ulezi wako humo humo, umebeba ngano nyumbani.

Babu wa Kona: Dokta, zamani mtu akikonda na tumbo tulikuwa tunasema ni kifua kikuu.

Dokta: Na bado tunakifikiria, Babu. TB ya utumbo hupenda pale utumbo mwembamba unapokutana na ule mpana, chini kulia. Inaambatana na homa za jioni, jasho la usiku, uzito kushuka, wakati mwingine uvimbe unaoshikika. Akiwa na hayo, au sampuli tatu zikawa safi na bado anaharisha, hatua zinazofuata ni kipimo cha VVU, picha ya damu (kuhesabu chembe zake), eksirei ya kifua, ultrasaundi ya tumbo, na kamera ya njia ya chini kuchukua kinyama. Tiba ni miezi 6: dawa nne kwa miezi 2, halafu mbili kwa miezi 4, na hazilipiwi. Kuna ugonjwa mwingine, wa Crohn, unaofanana nayo mno hata kwenye kamera, nao hutibiwa kwa steroidi, dawa zinazoshusha kinga ya mwili. Ukimpa steroidi mwenye TB unaifungulia mlango. Ndiyo maana kinyama lazima kisomwe kwanza.

Mtu wa Maabara: Mwenye VVU aliyeharisha zaidi ya mwezi, daktari aandike kwenye fomu "rangi maalumu". Kuna vijidudu havionekani kwa upimaji wa kawaida. Kisipoandikwa, hatukitafuti.

Babu wa Kona: Maziwa ya ng'ombe mabichi je?

Dokta: Yachemshwe mpaka yatokote. TB ya ng'ombe inapita humo.

Sista: Mama Doreen, hii ishike usiku huu. Tumbo likivimba, maumivu yakija kwa mawimbi, akatapika kijani na asitoe hewa wala choo, utumbo umeziba. Hapo usimpe chochote mdomoni, wala dawa ya kuendesha. Hospitali ya Mawenzi au KCMC moja kwa moja. Vivyo hivyo tumbo likiwa gumu kama ubao, au choo cheusi kama lami.

Mama Doreen: Hana hayo. Naanza na ORS sasa hivi. Kikopo napata wapi?

Mtu wa Maabara: Maduka mengi ya dawa wanauza, omba cha choo, si cha mkojo, kina kijiko ndani ya mfuniko. Andika jina, tarehe na saa aliyojisaidia. Afike mwenyewe maabara kabla ya saa 4 asubuhi, na kama anaweza ajisaidie pale pale.

Mama Doreen: Sawa. Na watoto hapa nyumbani, niwape dawa wote?

Mfamasia: Hapana, anayeharisha ndiye anapimwa. Wengine sabuni baada ya chooni na kabla ya kula, na maji ya kunywa yachemke. Klorini peke yake giadia anaivumilia.