MREJESHO: ile mashine yangu ya kukuna nazi

Wakubwa shikamooni, mwezi wa tatu niliwauliza kama nishapoteza patenti (haki ya kumiliki ubunifu wangu) juu nilirusha video ya mashine yangu ya kukuna nazi TikTok kabla ya kuiandikisha. Wengi mkaniambia nishajimaliza. Kumbe kwa hapa Kenya bado, ukijianika mwenyewe sheria inakupa miezi 12 uwe umepeleka maombi KIPI (ofisi ya serikali inayosajili patenti), lakini Ulaya ndio basi tena, kule ukishaonyesha watu umeonyesha.

Sasa kilichonivunja nguvu wala si video. Wakala wangu wa patenti alinikalisha tukatafuta patenti za zamani mtandaoni, yaani hiyo mbuzi ya mota watu chungu nzima washaitengeneza. Changu kipya ni kile kishikio cha springi kinachobana kizio kisizunguke, basi! Kwa hiyo madai, yaani kile ninachosema ni changu, tumeyaandika juu ya kishikio tu, na tukaenda na cheti cha yutiliti modeli (kama patenti ndogo) badala ya patenti kamili, ulinzi ni wa miaka 10 badala ya 20 lakini KIPI hawadai uthibitishe kwamba fundi mwingine mjuzi hangelifikiria, inatosha kiwe kipya na kitengenezeke.

Na yule aliyeuliza jamaa wa Tanga akiiga nitamfanyaje, simfanyi kitu, cheti cha Kenya kinaishia Kenya, ningetaka na Tanzania ningepitia ARIPO, ile ofisi ya pamoja ya nchi za Afrika iliyoko Harare, na hela hiyo sina. Ada nishalipa, nasubiri. Video nimeifuta, najua haisaidii haha.