Mikono ya sweta haifanani: safu 126 kila mmoja, lakini mmoja umezidi kwa sm 3

Kitanzi Kimoja (mleta uzi):
Wakuu, heshima kwenu. Nimekwama na siku zinaniishia. Sweta ni la zawadi, kiwiliwili kimeisha, shingo imeisha, imebaki kuunga mikono. Jana nimeilaza mezani nikapima: wa kushoto sm 48 na kidogo, wa kulia sm 45. Nimehesabu safu mara tatu, zote 126. Sufu tupu, sindano 4 mm, nimeanza na vitanzi 44, pindo safu 14, halafu naongeza vitanzi 2 kila safu ya 8 mpaka 72. Swali langu ni moja tu: huu mrefu nikiufumua wote na kuufuma upya, uzi wake utafaa tena au nitafute mwingine? Zimebaki siku 9.

Donge la Nne:
Ukitafuta mwingine, angalia namba ya pipa la rangi kwenye karatasi ya donge, siyo jina la rangi. Madonge yenye jina moja yaliyotiwa rangi kwenye pipa tofauti yakikutana katikati ya mkono utaona mstari kama umechorwa kwa rula. Namba ikikosekana, fuma safu 2 za donge jipya, safu 2 za la zamani, hivyo hivyo mpaka mwisho, jicho lisipate pa kushika.

Bi Sindano:
Ndiyo maana mikono hufumwa yote miwili kwa pamoja! Sindano moja ndefu yenye waya, donge moja kwa kila mkono, unafuma safu ya kushoto kisha ya kulia ndipo unageuza. Ukikosea unakosea kote, mikono inabaki pacha. Ubaya wake ni nyuzi kusokotana, kwa hiyo geuza kazi mara moja upande huu, mara inayofuata upande ule.

Fundi Kulabu:
Mpe mtu ambaye mkono wake wa kushoto ni mrefu. Kesi imefungwa.

Safu kwa Safu:
Mleta uzi, acha kwanza habari ya uzi. Laza kila mkono bila kuuvuta, weka rula katikati, mbali na kingo, uhesabu safu ndani ya sm 10. Niletee namba mbili, na upana pia.

Kitanzi Kimoja:
Kushoto 26 na kidogo, kulia 28. Upana karibu sawa, labda nusu sentimita. Ila mkuu, mimi nimeuliza kama uzi uliofumuliwa unafaa.

Safu kwa Safu:
Unafaa. Sasa nijibu na mimi. Safu 2 kwa kila sm 10 siyo uchovu wa siku moja. Ingekuwa sindano tofauti, upana nao ungepishana wazi. Hapa upana upo, urefu ndio umekimbia. Mkono wa kushoto una mshono kwa chini?

Kitanzi Kimoja:
Una mshono, ndiyo. Wa kulia hauna, nimeufuma kwa kuzungusha, kama bomba, bila kugeuza kazi. Sioni hilo linahusiana vipi.

Safu kwa Safu:
Linahusiana sana. Ukizungusha, unafuma vitanzi vya mbele tu mwanzo mpaka mwisho. Ukienda na kurudi, kila safu ya pili ni ya nyuma, ile unayofuma kazi ikiwa imegeuzwa upande wa ndani, na wafumaji wengi safu zao za nyuma hulegea kuliko za mbele. Kitanzi kilicholegea kinachukua nafasi zaidi kwa kimo. Geuza mkono wa kushoto ndani nje: ukiona matuta yamekaa mawili mawili na mfereji kati yake, ndiyo hiyo. Lakini mtu mmoja hafumi mkono mmoja kwa kuzungusha na mwingine kwa kwenda na kurudi kwenye sweta moja. Nani kafuma wa kushoto?

Kitanzi Kimoja:
Mifereji ipo, kila baada ya matuta mawili. Basi niseme. Wa kushoto kafuma rafiki yangu. Zawadi ni yetu wote wawili, tumegawana kazi, yeye kachukua mkono mmoja. Sikulitaja kwa sababu shida ni urefu, siyo nani kafuma. Sitaki kumwambia kazi yake haifai, amekaa nayo wiki mbili. Nitaufuma upya mimi, niuweke mahali pa wake, hatajua. Na kusema kweli nimeshaachia mshono kwa juu na kufumua safu 20.

Mama Mishono:
Hatajua? Mfumaji anaijua kazi ya mkono wake kama mwandiko. Mshono alioushona mwenyewe hautakuwepo. Mwambie, dada. Kuficha ndiko kutakakoleta ugomvi, siyo sentimita tatu.

Kitanzi Kimoja:
Mshono nitauigiza: kitanzi kimoja cha nyuma kinapanda chini ya mkono mpaka kwapani, kwa nje kinaonekana kama mshono. Nimeshalifikiria.

Bi Sindano:
Kumbe hata uongo una maelekezo ya kufuma. Mngefuma yote miwili kwa pamoja haya yasingetokea.

Mpinga Chai:
Samahani wakuu, hii ni chai. Mwanzo alisema "nikiufumua", sasa "nimeshafumua". Rafiki kazaliwa katikati ya mazungumzo. Halafu safu 20 kwa kipimo cha 26 ni karibu sm 8. Huo mkono leo una sm 40 na ushee, siyo 48. Hiyo 48 kaipima wapi? Uzi umetungwa, tena bila sindano.

Kitanzi Kimoja:
Nilipima kabla sijafumua! Nitunge habari ya mkono wa sweta ili nipate nini?

Fundi Kulabu:
Watu wanatunga ndoa humu, itakuwa mkono.

Safu kwa Safu:
Tusibishane, sweta lenyewe litasema. Mleta uzi, ulipofumua hizo 20, umebaki na vitanzi vingapi? Hesabu, usikumbuke.

Kitanzi Kimoja:
Nimevipitisha kwenye uzi mwingine visikimbie. Ni 66.

Safu kwa Safu:
126 toa 20 ni 106. Toa pindo la safu 14, zinabaki 92. Kila ya 8 ni kuongeza, kwa hiyo ameongeza mara 11, vitanzi 22. 44 na 22 ni 66. Mpinga Chai, mtu wa kubuni angesema 60, au angebaki na 72 yake ya mwanzo.

Mpinga Chai:
Au angepiga hesabu kama ulivyopiga wewe. Lakini ile mifereji ya ndani, sawa, nanyamaza kidogo.

Safu kwa Safu:
Usifumue hata safu moja zaidi. Bahati yako umefumua kutokea juu, na juu ndiko pa kurekebishia. Zilizobaki 106 zina sm 40 na nusu au 41. Unataka 45. Kwa kipimo cha mkono huo, safu 12 zinakupa sm 4 na nusu. Umebakiza kuongeza mara 3 ufike 72: badala ya kila safu ya 8, ongeza kila safu ya 4, yaani ya 4, ya 8 na ya 12. Mwinamo utakuwa mkali kidogo pale, lakini ni kwapani. Jumla safu 118 na mikono inalingana.

Kuvirudisha vitanzi tumia sindano nyembamba, 3 mm, inaingia bila kuvivuta, kisha fuma na 4 kama kawaida. Kila kitanzi, mguu wa kulia ukae mbele ya sindano. Kilichokaa kinyume kifume kwa mguu wa nyuma, la sivyo utapata mstari mzima wa vitanzi vilivyojisokota.

Na safu hizo 12 asizifume anayezungusha. Wewe ukizifuma, kipimo kinabadilika hapo hapo na itaonekana kama kiraka. Azifume aliyeanza.

Donge la Nne:
Uzi wa zile safu 20 uko katika hali gani?

Kitanzi Kimoja:
Umejaa mawimbi. Nimeuviringa donge.

Donge la Nne:
Ufungue. Ukiufuma na mawimbi yake vitanzi vinatoka vikubwa na vidogo, halafu ukifua ndipo mawimbi yanaachia na kazi inabadilika umbo. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti uwe duru pana, ufunge kwa vipande vya uzi sehemu nne bila kukaza, loweka maji ya vuguvugu dakika 20, usisugue. Kamua ndani ya taulo, tundika bila kuweka uzito. Kesho jioni utakuwa umenyooka vya kutosha.

Mama Mishono:
Kwa hiyo lazima amwambie.

Kitanzi Kimoja:
Nimemwambia. Alicheka, akasema hata yeye aliuona wangu mfupi akanyamaza. Amekuja jana, kafuma 12, tumepima sm 45 na nusu. Tufue kabla au baada ya kuunga?

Safu kwa Safu:
Kabla. Loweka mikono yote miwili pamoja nusu saa, ikamue ndani ya taulo, ilaze mmoja juu ya mwingine, uibane na pini kwa kipimo kimoja. Hiyo nusu sentimita itaishia hapo. Usiitoe pini mpaka ikauke kabisa, hata mshono.

Mpinga Chai:
Picha?