Naomba ushauri: maji taka yanatuama juu ya kokoto

Habari zenu wakuu. Nasaidia kusimamia maji taka ya kijiji chetu, kaya kama 40. Maji ya vyooni na jikoni huingia kwenye tangi la septiki (la kutuamisha tope) la vyumba viwili, kisha bwawa la kokoto lililopandwa matete, la kuyasafisha. Maji yalitakiwa yapite chini kwa chini, kati ya kokoto. Sasa yanatuama juu upande wa kuingilia, meusi, yananuka yai viza. Upande wa kutokea matete yanakauka kwa kiu!

Tumezibua bomba la kuingizia na kukata matete; nafuu ilikuwa ya siku chache tu. Tulipofukua, kokoto za mwanzo zilikuwa zimegandiwa na ute mweusi wenye mafuta. Fundi anashauri tumwage klorini, ila naona itaua bakteria wanaotufanyia kazi ya kusafisha maji.

Je, kunyonya tope tangini na kufunga bomba la T kwenye tundu la kutokea kuzuia mafuta kutatosha, au lazima kokoto zilizoziba zitolewe na kuoshwa? Na bwawa likiwa moja tu, tunalipumzishaje huku maji yanaendelea kuingia?