Kikundi cha ukoo: Forodhani

Mama Faraja: Shikamooni wakubwa. Tumefika bustani ya Forodhani, Zanzibar [picha 4]

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu. Mbona patupu hivyo?

Mama Faraja: Ndo nashangaa. Saa saba hii, jua la utosi, paka wawili na mzee kalala kwenye benchi. Watoto wanauliza bustani yenyewe iko wapi 😩

Mjomba Side: Nani kakutuma Forodhani saa saba? Pale jioni bwana

Babu: Marahaba. Usiondoke kwanza. Umeliona tao linaloelekea baharini?

Mama Faraja: Ambalo Faraja ameshalipanda? Naliona

Babu: Mshushe. Lilijengwa 1956 ili Princess Margaret wa Uingereza apite akitoka melini. Akashukia kwingine.

Shangazi Rehema: 😂😂 Mmepamba, mgeni kapitia mlango wa jikoni

Babu: Bustani ilitengenezwa kwa jubilei ya Sultani Khalifa bin Harub, miaka 25 kwenye kiti, 1936. Zamani hapo ndipo mizigo ilipotozwa ushuru. Forodha si ndiyo hiyo?

Mjomba Side: Mkirudi kuna mtihani 😅

(saa 12:20 jioni)

Mama Faraja: JAMANI. Siyo pale pale! Moshi, taa, watu hata pa kukanyaga hakuna. Na hawa vijana wanaojirusha baharini!

Mjomba Side: Hao ndo makachu

Mama Faraja: Mmoja katoka mbio huko nyuma, kagusa ukingo kwa mguu mmoja, kajipindua mara mbili hewani, kichwa mbele majini. Baba Faraja anavua viatu

Shangazi Rehema: Mzuie!! Na kile kitambi?

Mama Faraja: Nimevikalia viatu vyake. Muuza pweza kanisemesha Kiingereza, na bei ya Kiingereza. Nilivyomwambia "kaka, mi wa Morogoro", ikashuka yenyewe

Babu: Nipigie picha benchi nililokaa na bibi yenu 1979. Limetazama Beit al-Ajaib, lile jumba la zamani la sultani.

Mama Faraja: Babu, bustani ilikarabatiwa yote 2009, benchi hilo sidhani. Na Beit al-Ajaib ndo ile iliyobomoka upande Desemba 2020, inatia huruma

Babu: Basi piga picha bahari. Hiyo hawajaikarabati.

Mama Faraja: Sawa babu, ngoja ninunue juisi ya miwa

Mjomba Side: Na viatu?

Mama Faraja: [picha]

Shangazi Rehema: Huyo aliyelowa na shati ni nani?

Mama Faraja: Nimeinuka dakika mbili tu 🤦🏾‍♀️