Naombeni ushauri, wasifu wa bibi yangu nimepewa dakika tano tu

Habari zenu wakuu. Bibi yetu mzaa baba katutoka, tunazika Jumamosi huku Marangu, Kilimanjaro, kihambani kwake (shamba la nyumbani), na wazee wamenipa mimi kazi ya wasifu wa marehemu. Sasa shida, mchungaji kasema dakika tano, na ba'mkubwa anataka niorodheshe watoto, wajukuu, vitukuu, nani yuko wapi, yaani hapo muda umeisha. Mi nataka watu wamsikie yeye, alivyokuwa anaamka alfajiri kukata majani ya ng'ombe, kahawa aliyoanika mpaka ada ya baba ikapatikana, na kila Desemba tukishuka kwenye basi usiku tunamkuta njiani, tochi kaibana kwapani, mikononi sufuria ya mtori wa moto (alijuaje tumefika sijui, kasimu kake muda wote hakana chaji).

Halafu kuna jani la sale, lile la kuombea msamaha kwetu Wachagga, alilompelekea jirani, baada ya kununiana miaka kisa maji ya mfongo (mfereji wa kumwagilia). Hilo nilisome au niache, maana jirani mwenyewe atakuwepo? Na majina, niyachape pembeni tugawe karatasi? Waliowahi kusoma wasifu nipeni mbinu, nimebakiwa na siku mbili na kila nikishika kalamu nalia.