Pikapu ya petroli yenye tabo: nianze na programu, intakula, au filta na ekzosti?

Boneti_Wazi

Wakuu, salaam. Nina pikapu ya petroli, silinda nne, lita 2.3, tabo moja, gia otomatiki. Injini haijawahi kufunguliwa. Kazi yake kubwa ni kuvuta trela. Siku isiyo na mzigo inaruka kama swala, lakini nikifunga trela nikakuta mlima mrefu, dakika tatu nne za mwanzo iko vizuri, kisha inalegea. Nakanyaga mpaka chini inanguruma tu. Taa ya injini haijawaka hata siku moja.

Fungu nililonalo linatosha kitu kimoja kwa sasa, na kazi nitafanya mwenyewe hapa nyumbani. Nina seti ya spana, jeki na stendi zake, na kile kiskana kidogo kinachounganishwa na simu. Ninachagua kati ya:

A) Programu mpya kwenye kompyuta ya injini (au kile kiboksi cha kuchomeka)
B) Intakula kubwa (kile kipoza hewa inayotoka kwenye tabo)
C) Filta ya wazi ya hewa pamoja na ekzosti pana

Nani ameshapita njia hii?

KichwaMoto

A. Hapa hakuna hata la kujadili, mkuu. Injini ya tabo si kama zile za kawaida ambazo ukibadilisha programu unapata nguvu ya kuhisi kwa darubini. Kwenye tabo, kompyuta ndiyo inayoamua presha ipande hadi wapi, na mtengenezaji huacha nafasi kwa sababu gari litauzwa kwa watu wa kila aina na petroli za kila aina. Ukiandika programu upya unapata torki ya kushika. Mimi nilifleshi yangu jioni moja nikiwa nimekaa kwenye kiti cha dereva, kompyuta mpakato mapajani, chaja ya betri imeunganishwa ili volti zisishuke katikati ya kazi. Kesho yake nilidhani nimeazima gari la mtu.

Kiboksi achana nacho. Kinaidanganya kompyuta kuwa presha ni ndogo kuliko ilivyo, nayo inaongeza. Taimingi, yaani wakati wa plagi kurusha cheche, na mambo mengine hakigusi.

MzeeSpana

Kijana, kabla ya A, B au C: plagi zina umri gani? Hosi za tabo umezikagua lini? Gari linalolegea halihitaji kuongezewa nguvu, linahitaji kuulizwa ile ya mwanzo imekwenda wapi. Ukiweka programu kali juu ya hosi iliyopasuka, umemvisha mgonjwa viatu vya kukimbilia.

BintiGereji

Shikamoo Mzee. Naunga mkono, ila niongeze hesabu maana humu tunapenda kubishana bila namba.

Tabo inabana hewa, na hewa ikibanwa inapata moto. Chukua hewa ya nyuzi 30, ibane mpaka mara mbili ya presha ya kawaida (geji itasoma karibu psi 15). Hata tabo kamilifu isiyopoteza chochote ingeitoa ikiwa na nyuzi 96 hivi. Tabo kamilifu haipo. Kwa ufanisi wa asilimia 70, hewa inatoka na nyuzi 125 hivi. Kuipoza kabla haijaingia kwenye silinda ni kazi ya intakula peke yake.

Sasa, hewa inayoingia na nyuzi 70 ni nyepesi kwa karibu asilimia 9 kuliko ya nyuzi 40 kwenye presha ileile. Hapo umeshapoteza nguvu. Halafu hewa ya moto inaleta kugonga (mchanganyiko wa petroli na hewa kujilipukia wenyewe ndani ya silinda), kompyuta inasikia kupitia sensa yake, inarudisha taimingi nyuma kuokoa pistoni. Umepoteza mara ya pili. Ndiyo maana dalili ya Boneti_Wazi, dakika tatu nzuri kisha kulegea, inanuka joto. Intakula ndogo ni kama sufuria: mwanzo linameza moto, likishajaa halimezi tena.

Kura yangu ni B. Jina lenyewe watu wanalitania, eti "intakula" maana itakula hela zako, lakini kwa mvuta trela inalipa.

KichwaMoto

Dada, namba zako sibishani nazo. Lakini weka intakula kubwa kwenye gari lenye programu ya kiwandani, lipime likiwa baridi: mvuto wa kwanza hutaona cha maana. Kompyuta bado inaomba presha ileile.

BintiGereji

Kweli. Mvuto wa kwanza. Nipimie wa sita, juu ya mlima, na trela nyuma.

Na nikiri kasoro yake: kubwa kupita kiasi nayo ni shida. Ujazo mwingi wa hewa kati ya tabo na injini unachelewesha mguu, na zile nene za aina ya sahani ni nzito na zinaweza kuzuia upepo usifike vizuri kwenye rejeta ya maji iliyo nyuma yake. Usinunue kwa kuangalia upana tu.

Trela_Mbili

Mimi nimetumia A na nilijuta kwa muda, si kwa sababu ya programu yenyewe bali petroli. Sikilizeni hii, maana sijaona mtu akiisema humu.

Nilinunua faili la programu mtandaoni, limeandikwa "93", yaani oktani, kipimo cha petroli kustahimili kugonga. Pampu yangu ina petroli ya 95. Nikasema ah, nimezidisha hata. Kumbe ile 93 ni kipimo cha Marekani, ambacho ni wastani wa vipimo viwili vya oktani, RON na MON. Sehemu kubwa ya dunia kibao cha pampu kinaonyesha RON tupu. 93 yao ni kama 98 ya RON. 95 yetu ni kama 91 yao, wakati mwingine chini kidogo. Kwa hiyo nilikuwa nachoma petroli duni kuliko iliyotarajiwa na faili, huku nikijiona tajiri. Injini iligonga mlimani kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo. Nilirudisha faili la kiwandani usiku uleule. Plagi mbili zilikuwa na vidoadoa vya aluminiamu. Ile aluminiamu ilitoka wapi, mnajua wenyewe.

Muuza faili nilipomuuliza alijibu "soma maelezo". Basi.

MzeeSpana

Pole. Aluminiamu kwenye plagi ni pistoni inayokuaga.

KichwaMoto

Hilo la oktani nimelipokea, na nawaambia wote: andika RON ukimwandikia mtengeneza programu, usiandike namba tupu. Na plagi ziwekwe za aina baridi zaidi kwa daraja moja (zinazotoa joto haraka) na pengo la cheche lipunguzwe. Yangu ilikuwa milimita 0.75, nikaleta 0.65. Hewa iliyosongamana inakataa cheche kuruka, na pengo pana linaleta kukosa moto ukiwa umekanyaga.

Jirani_wa_Fundi

Na C mbona hakuna anayeitetea? Sauti tu wakuu 😀

MzeeSpana

Umejijibu. Filta ya wazi chini ya boneti inanyonya hewa ya moto iliyotoka kwenye rejeta, huku boksi la kiwandani lilikuwa na mkonga wake unaochukua hewa ya nje. Zile za kupakwa mafuta, ukizidisha mafuta yanakwenda kukaa kwenye sensa ya hewa na gari linaanza kukosa adabu. Ekzosti pana baada ya katalitiki (kile kisafisha moshi) haina ubaya, inasaidia tabo kupumua, ila kwa presha ya kiwandani faida ni ndogo. Kukata katalitiki sishauri: nchi nyingi ni kosa kisheria, na harufu utaishi nayo wewe.

Valvu ya kutoa hewa nje, ile ya "pshhh", kwenye gari lenye sensa ya kupima hewa inatupa hewa ambayo kompyuta imeshaihesabu. Kila ukiachia mguu, petroli inazidi kwa muda. Unanunua mluzi.

Turudi kwa mwenye gari. Rekodi data mlimani. Angalia vitu vinne: joto la hewa inayoingia, presha inayoombwa, presha inayopatikana, taimingi. Abiria ashike simu, si wewe.

Boneti_Wazi

Wakuu nimerudi. Nimekwenda na mdogo wangu, trela nyuma, mlima uleule.

Tambarare: hewa nyuzi 41, presha inaombwa psi 16, inapatikana 16.
Mlimani dakika ya pili: nyuzi 58, 16 kwa 15.
Dakika ya tano: nyuzi 71, inaombwa 16, inapatikana 12. Taimingi ilianza kwenye digrii 8 (za mzunguko wa injini, si za joto) ikashuka mpaka 3.

Kwa hiyo ni joto kama alivyosema dada?

BintiGereji

Joto lipo, lakini hiyo 16 kwa 12 si joto peke yake, kuna hewa inatoroka. Na angalia yanavyofuatana: hosi ikivuja, kompyuta inabana westigeti (kilango kinachopitisha moshi pembeni ya tabo) ili tabo izunguke zaidi kufidia, tabo ikizunguka zaidi inatoa hewa ya moto zaidi. Uvujaji unaweza kuwa unazaa sehemu ya hilo joto. Nafuta kura yangu ya B mpaka hili lijulikane.

MzeeSpana

Kipimo cha nyumbani: tengeneza kizibo cha kuingia kwenye mdomo wa tabo upande wa filta, kiwe na valvu ya tairi. Legeza kifuniko cha oili, maana hewa itapenya hadi chini kwenye injini na hutaki kusukuma sili. Pampu taratibu, psi 10 inatosha, usijifanye shujaa. Maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Pima gari likiwa bado na moto, vaa glavu. Ikiwa baridi, hosi iliyochoka inakaza na kuficha.

Trela_Mbili

Wakati tunasubiri: tusisahau gia. Trela inapika oili ya gia kabla ya injini. Kwangu kipoza oili ya gia kilileta utulivu kuliko chochote. Na uzito unaoruhusiwa kuvuta hauongezeki kwa programu, kwa sababu breki na fremu ni zilezile. Mwaka 1991 GMC walitoa Syclone, pikapu ya V6 ya petroli yenye tabo, nguvu farasi 280, iliyokuwa ikiwaacha magari ya michezo wakati ule. Uwezo wake wa kubeba? Kama kilo 227. Watu wazima watatu wakipanda, mzigo umeshakaribia kujaa.

KichwaMoto

Syclone usiitukane mbele yangu.

BintiGereji

Jingine la injini hizi zinazonyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda: kukandamiza mguu kwenye mizunguko ya chini, gia ikiwa juu, kunaweza kuleta mlipuko wa mapema, na mmoja tu unaweza kuvunja pistoni. Daraja la oili la API SN Plus la 2018 na SP la 2020 yaliwekewa kipimo cha kuzuia hilo. Angalia kopo lako. Na ukija kununua programu, kataa ile inayojisifu kwa torki nyingi kwenye mizunguko 1,500. Inafurahisha mjini, lakini ndipo hatari ilipo.

Valvu za kuingiza hewa nazo zinajaa masizi kwa sababu petroli haizioshi. Ford waliongeza nozeli za pili kwenye njia ya hewa ya V6 yao ya lita 3.5 ya F-150 mwaka 2017. Kama yako haina, kuna siku utazisafisha.

Boneti_Wazi

NIMEIPATA. Hosi inayotoka kwenye intakula, chini ya klipu, ina ufa wa urefu wa ukucha. Ikiwa baridi huuoni hata kwa tochi. Ikiwa na moto, povu lilitoka kama la mtu anayefua. Nimeweka hosi mpya ya silikoni na klipu za kukaza kwa boliti.

Mlima uleule, trela ileile, dakika ya tano: 16 kwa 16. Hewa nyuzi 64. Taimingi inashuka mpaka 5 tu.

Inapanda, wakuu. Si kama roketi, lakini hailegei.

BintiGereji

Hongera! 64 bado ni moto lakini. Tuwekee picha ya mbele ya gari.

Boneti_Wazi

[picha]

MzeeSpana

Hizo taa mbili kubwa kama sinia umezifunga mbele ya nini?

Boneti_Wazi

...mbele ya intakula.

BintiGereji

😂😂 Na mapezi yamejaa matope na panzi. Zitoe, osha kwa maji ya bomba yasiyo na presha kali, kutoka nyuma kuja mbele ili mapezi yasilale. Kisha pima tena.

Boneti_Wazi

Nimetoa taa, nimeosha. Panzi walikuwa wengi kuliko nilivyodhani. Kipimo cha leo, hali ya hewa karibu ileile: dakika ya tano nyuzi 55, taimingi 7.

Fungu langu bado lipo mfukoni, nimetumia hosi tu. Nitaweka plagi mpya na kipoza oili ya gia kama alivyosema Trela_Mbili. Intakula baadaye, programu baada yake.

KichwaMoto

Siku ya programu niite. Na andika RON.

Boneti_Wazi

Nitaandika kwa herufi kubwa. Kwa sasa nina taa mbili kubwa, nzima kabisa, zinamulika mpaka ng'ambo ya bonde. Anayezitaka aje PM, masharti ni moja: usizifunge mbele ya intakula.