Ngome ya Dunga tunaipigania kwa miguu, inachukuliwa na mtu aliye kitandani. Haya si mapambano!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Huu ni mwezi wa kumi na nne nacheza ule mchezo wa simu wa kuzunguka mji ukiteka ngome kwa kupiganisha wanyama wa kubuni. Wa hapa Kisumu mnaujua. Jina silitaji, nisije nikafungiwa akaunti kabla sijamaliza kusema yaliyo moyoni.

Jumamosi iliyopita tulinyang'anywa ngome ya Dunga. Kushindwa nimezoea, nimeshindwa mara nyingi na nikampa mkono aliyenishinda. Hebu sikieni hii ilivyokwenda.

Tulifika ufukweni saa kumi na moja jioni, watu watano. Mimi nilitoka Nyalenda kwa mguu pamoja na mdogo wangu wa kike, wengine walishuka boda kutoka Kondele na Manyatta. Ngome iko karibu na pale wanapokaanga samaki, na masharti ya mchezo ni kwamba huwezi kuishambulia wala kuilinda kama hauko ndani ya mita 40. Wapinzani wetu walikuwa vijana wa Milimani, wanne, tunawaona na wanatuona. Mmoja alikuwa ameshika simu mkono huu na kipande cha ngege mkono ule. Tulipigana saa nzima na nusu. Walituangusha mara mbili, sisi tukawaangusha mara tatu, na jua lilipozama bendera iliyokuwa juu ya ngome ni yetu. Tukapeana mikono tukaenda zetu. Hilo ndilo pambano lililonifanya niupende mchezo huu.

Sasa, mchezo unafunga hesabu ya siku saa sita usiku kwa saa za UTC, ile saa ya dunia. Ongeza tatu: kwetu ni saa tisa usiku. Anayeshikilia ngome dakika hiyo ndiye anayepewa pointi za siku nzima, hata kama aliichukua dakika moja kabla. Saa nane na dakika hamsini na mbili simu yangu ikalia kitandani: Dunga inashambuliwa. Saa nane na hamsini na tano imeanguka.

Niambieni, nani alikuwa amesimama Dunga saa hiyo? Wavuvi wa omena wako ndani ya ziwa na taa zao. Ufukweni saa hiyo viboko wanatoka majini kula nyasi, na mtu wa Kisumu haendi kutembea karibu na viboko gizani ati anateka ngome ya simu. Saa tisa kasoro dakika mbili, akaunti ile ile ikateka ngome iliyo katikati ya mji wa Kakamega. Rafiki yetu wa kule alituma picha ya skrini, jina lile lile, rangi ile ile. Kisumu hadi Kakamega ni kama kilomita 50 kwa barabara: Mamboleo, Kiboswa, Majengo, Mbale, Chavakali. Matatu iwe na dereva mwenye wazimu haifiki kwa dakika tatu. Piga hesabu uone, ni kilomita 1,000 kwa saa. Huyo jamaa alipita Chavakali na kasi ya ndege kubwa ya abiria.

Tuliripoti tukiwa na picha zote mbili, saa zinasomeka juu kabisa ya skrini. Baada ya siku mbili tukajibiwa kwamba wamekagua na hawakuona ukiukaji wowote. Hawakuona! Seva yao, yaani kompyuta kuu ya mchezo, ndiyo iliyoandika akaunti hiyo ilikuwa wapi na saa ngapi.

Na msinidanganye kwamba ni kazi ngumu. Simu ya Android ina menyu ya wasanidi ambapo unachagua programu ya kuipa simu mahali bandia. Programu yoyote inayosoma mahali inaweza kuiuliza simu kama mahali hapo ni pa bandia au ni pa kweli. Najua kuna wanaofungua mfumo wa simu na kulificha jibu hilo. Basi hapo seva itumie akili ya mtoto wa darasa la sita: mahali pa kwanza, mahali pa pili, gawanya kwa muda. Ikitoka kasi ambayo hakuna mtu anayeweza kusafiri nayo, pambano hilo lisimame na ngome ibaki kwa aliyekuwa nayo mpaka ikaguliwe. Sitaki wafungie watu ovyo. GPS ya simu huyumba, hata mahali peupe inakosea mita tano hivi, na ukiwa kando ya majengo marefu pale Oginga Odinga Street inaruka zaidi. Lakini hakuna GPS inayokosea kutoka ziwani hadi Kakamega.

Hata wadanganyifu wakiondolewa wote leo, ile saa tisa bado ni mbovu. Kanuni inayolipa dakika moja ya mwisho inampa ushindi mwenye kuamka usiku, na kwetu kutoka usiku huo ni kuhatarisha simu na maisha. Mdogo wangu ana miaka 17. Anapigana vizuri kunizidi, anakumbuka kila pigo la kila mnyama, lakini mama hamruhusu kuwa nje baada ya saa moja na mama yuko sahihi. Kwa hiyo kila anachopata mchana kinasubiri mtu wa saa tisa. Pokémon GO, mchezo mwingine wa simu wa aina hii, ilipobadilisha ngome zake mwaka 2017 iliweka malipo kwa muda: mlinzi anapata sarafu moja kwa kila dakika kumi alizokaa, mwisho 50 kwa siku. Sarafu unapewa mnyama wako akitolewa, lakini dakika za mchana zimeshahesabiwa, na anayekutoa usiku hakunyang'anyi ulichokwisha kukifanyia kazi. Tunaomba hivyo tu. Au kila eneo lifunge hesabu yake saa mbili usiku kwa saa za pale pale.

Kuna na hili la mtandao, na hapa wanaoelewa mnisikilize vizuri. Kila mchezaji ana ngao mbili. Mpinzani akirusha pigo kubwa, mduara mwekundu unaanza kujifunga kwenye skrini, ukigusa ngao kabla haujafunga, pigo linapotea. Jumatano nilikuwa Kondele chini ya daraja, nimebakiwa na mnyama mmoja na jamaa amebakiwa na mmoja. Akarusha. Nikagusa ngao mduara ukiwa nusu. Ngao ikawaka samawati, nimeiona kwa macho yangu, simu ikatetemeka mkononi. Halafu skrini ikasita. Iliporudi mnyama wangu amelala chini, na ngao zangu zote mbili bado ziko pale pembeni juu, hazijaguswa.

Simu ilisema nimezuia, seva ikasema sikuzuia. Neno la seva kuwa la mwisho silipingi, maana simu ikiachiwa kuamua, wadanganyifu wataifanya iseme wanachotaka. Ninachopinga ni kwamba seva inapokea ujumbe uliotangulia kufika na kuutupa uliochelewa, kana kwamba sote tumekaa chumba kimoja. Mwenzetu anayefanya kazi ya kuvuta nyaya za intaneti alipima. Ujumbe wangu kutoka Kondele kwa bando la simu ulikwenda kwenye seva na kurudi kwa milisekunde 340 (elfu moja ndiyo sekunde moja). Wa kijana mmoja wa Milimani mwenye waifai ya nyumbani, 180. Mimi na yeye tukigusa kwa wakati mmoja, yeye ametangulia. Kila pambano naanza nikiwa nyuma kwa sababu ya bando, na hakuna mazoezi yatakayonisaidia.

Dawa yake inajulikana. Mapambano ya mchezaji kwa mchezaji yalipoingia Pokémon GO Desemba 2018, muda ulikatwa vipande vya nusu sekunde, na kila pigo linahesabiwa kwa vipande. Nao hulalamika kukwama, sisemi wameponya kila kitu. Lakini ukiwa na kipande cha nusu sekunde, wa 180 na wa 340 mara nyingi wanaingia kipande kimoja na wanahesabiwa sawa. Na ngao ndiyo rahisi kuliko yote: seva isubiri kidogo zaidi kabla ya kumuua mnyama wa mtu. Nani ataumia?

Kamera nayo. Ukipigana ukiwa umewasha kamera, mnyama anaonekana amesimama juu ya barabara yenyewe, na mchezo unakuongezea asilimia kumi ya nguvu. Mara ya kwanza nilipomwona mnyama wangu amesimama kwenye maji ya Dunga, mitumbwi nyuma yake, nilisahau hata kubonyeza. Ni kitu kizuri kweli. Lakini simu nyingi za bei ya chini haziwezi kabisa, hazimo kwenye orodha ya simu zinazokubali teknolojia hiyo, na zinazoweza zinapata moto na kumaliza chaji. Yangu ikiwasha kamera inashuka kutoka asilimia 40 hadi 11 kwa mapambano matatu, na picha inaanza kurukaruka. Hiyo asilimia kumi ni zawadi ya kuwa na simu ya bei ghali. Waiache kamera iwe uzuri wa macho, nguvu waitoe humo.

Ramani ndiyo inayoniuma zaidi baada ya Dunga. Kutoka mnara wa saa hadi Milimani nimehesabu vituo 31 vya kuokotea silaha na dawa. Nyalenda yote tunavyo viwili, na kimoja kiko ukingoni kwenye Ring Road. Nguvu ya mnyama inatokana na unachookota, kwa hiyo kijana wa Milimani anakusanya kwa dakika ishirini ninachokusanya kwa saa mbili, kisha mchezo unatukutanisha na kusema tumelingana kwa sababu tuna kiwango kimoja. Jambo hili si geni. Vituo vya Pokémon GO vilitokana na sehemu zilizopendekezwa na wachezaji wa Ingress, mchezo uliotangulia, na mwaka 2016 huko Marekani watu walilalamika kwamba mitaa ya watu weusi imepata vichache kuliko ya wazungu. Palipokuwa na wachezaji wa mwanzo ndipo palipojaa. Nyalenda hakuna sanamu ya shaba, sawa. Kuna makanisa, vioski vya maji, viwanja vya mpira, vinyozi wenye michoro mizuri ukutani kuliko sanamu yoyote. Nimetuma mapendekezo kumi na saba tangu Januari. Yamekubaliwa sifuri. Kisha wanasema mchezo huu unawahimiza watu watembee mitaa yao!

Upangaji wa wapinzani hata sitaki kukaa sana hapo. Mdogo wangu akiwa kiwango cha 12 alipangiwa mtu wa 38, mara nne kwa siku moja. Sataranji ililimaliza hili zamani kwa hesabu za Arpad Elo za kupima uwezo wa kila mchezaji kwa pointi, shirikisho la dunia FIDE likazichukua mwaka 1970: aliyekuzidi pointi 400 anatarajiwa kukupata karibu mara tisa kati ya kumi, kwa hiyo humpangi naye kisha ukaita mashindano. Au waweke ligi zenye kikomo cha nguvu, kama zile za Pokémon GO za 1,500 na 2,500, ili mnyama aliyenunuliwa kwa M-Pesa asiingie na kumkanyaga aliyelelewa kwa miezi. Wauze kofia, wauze rangi, wauze bendera. Nitanunua. Nimeshanunua. Wasiuze pigo.

Kuna atakayeniambia niache kucheza. Siachi. Mimi kabla ya mchezo huu sikuwa nimewahi kuingia makumbusho ya Kisumu, na nimezaliwa hapa. Wale vijana wa Milimani nisingewajua. Na kulalamika kunasaidia: Agosti 2021, Pokémon GO ilipopunguza umbali wa kufikia vituo kutoka mita 80 kurudi 40, wachezaji walipiga kelele pamoja, na kabla ya mwezi kuisha mita 80 zikarudishwa.

Kwa hiyo ombi langu hapa ni moja. Aliyenyang'anywa ngome usiku kati ya saa nane na nusu na saa tisa aweke picha ya skrini, saa isomeke, jina la ngome lisomeke. Majina ya akaunti yafunikeni humu, nitumieni pembeni, hatutaki kumwanika asiye na hatia. Nitaziweka kwenye jedwali moja zikiwa na umbali na dakika, tuipeleke kwao tukiwa wengi. Wa Busia na Bungoma nimeshapata tatu. Wa Nakuru, nasikia ile ngome ya upande wa Menengai nayo huanguka saa tisa kasoro. Kama ni akaunti ile ile, nipeni dakika kamili.